PTRD na PTRS: bunduki ya kupigia vifaru kati ya sinema, gemu na handaki

Alyosha Skvortsov, askari wa mawasiliano mwenye miaka 19, anakimbizwa na kifaru cha Wajerumani kwenye uwanda usio na pa kujificha. Anaangukia penye bunduki ndefu ya kupigia vifaru iliyoachwa, anaielekeza, anafyatua, kifaru kinawaka moto. Halafu anapiga cha pili. Tukio hilo liko mwanzoni mwa Ballad of a Soldier, sinema ya Kisovieti ya Grigory Chukhrai ya mwaka 1959. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2008, gemu ya Call of Duty: World at War ilichukua silaha ya jamii hiyohiyo, PTRS-41, ikaifunga darubini na kumkabidhi mtu mmoja anayekimbia na kuruka nayo. Vijana wengi wanaolijua jina la PTRS wamelijulia hapo.

Picha hizo mbili zimezaa ubishi usiokwisha. Kuna wanaoamini bunduki hii ilikuwa kiboko cha vifaru. Na kuna waliosoma kidogo zaidi, wakagundua kwamba haikuweza kutoboa Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani, kwa mbele, wakahitimisha kuwa ilikuwa chuma kizito kisicho na faida ambacho Wasovieti walikibeba kwa kukosa kingine. Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni wa kweli. Tatizo ni kwamba wote wanapima kitu kimoja tu: ilitoboa au haikutoboa?

Tuanze na silaha zenyewe, maana ni mbili na watu huzichanganya. PTRD ilibuniwa na Vasily Degtyaryov, PTRS na Sergei Simonov. Zote zilipitishwa rasmi tarehe 29 Agosti 1941, siku 68 baada ya Ujerumani kuuvamia Umoja wa Kisovieti. PTRD hupiga risasi moja moja na ina uzito wa kilo 17 na ushee. PTRS hujipakia yenyewe, hubeba risasi 5 na inakaribia kilo 21. Kila moja ina urefu wa zaidi ya mita 2. Risasi yao ni ya milimita 14.5 kwa 114. Kichwa chake cha gramu 64 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 1,012 kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya joule 32,000 hivi, mara 16 ya risasi ya AK. Kwa umbali wa mita 100, ikigonga bamba la chuma wima bila mshazari, hupenya milimita 35 hadi 40. Bamba likilala kidogo, au umbali ukiongezeka, namba hiyo hushuka haraka.

Tarehe zina maana hapa. Mwaka 1941 viwanda vilitoa PTRD 17,688 na PTRS 77 tu, kwa sababu ya Degtyaryov ilikuwa rahisi kuchonga na ya Simonov ilikuwa na vipande vingi. Mwaka 1942 zilitoka PTRD 184,800 na PTRS 63,308. Kwa hiyo ukiona mapigano ya Moscow ya majira ya baridi ya 1941 yameonyeshwa kwa PTRS kila handaki, ujue aliyetengeneza hakuangalia kalenda.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, mahali ambapo gemu nyingi hunyamaza. PTRD ikifyatuliwa, mtutu na bolti, yaani chuma kinachoufunga kwa nyuma, hurudi nyuma pamoja ndani ya fremu. Mkono wa bolti hugonga kipande kilichopinda, bolti inafunguka, na ganda linatupwa nje. Mpigaji hutia risasi nyingine kwa mkono na kufunga. Timu iliyozoea hufikisha risasi 8 hadi 10 kwa dakika. Lakini ganda hutanuka kwa joto na msukumo, na chemba, tundu linamokaa risasi, ikichafuka linanasa. Hapo bolti haifunguki yenyewe, inabidi igongwe kwa kitu kigumu au hata kupigwa teke, huku kifaru kikiwa mita 150 mbele.

PTRS haina usumbufu huo kwa kiwango kilekile, ila ina wa kwake. Inaendeshwa kwa gesi inayochepushwa kutoka mtutuni, na ina kirekebisha gesi chenye nafasi tatu. Uchafu na grisi iliyoganda kwa baridi huifanya ivivie, hivyo mpigaji huongeza gesi. Akiacha nafasi kubwa hata pale isipohitajika, vyuma hugongana kwa nguvu kupita kiasi na huchakaa kabla ya wakati. Kupakia nako si kuchomeka magazini kama tunavyoona kwenye skrini. Bolti huvutwa nyuma, mfuniko wa chini hufunguliwa, klipu ya risasi 5 husukumwa juu, mfuniko hufungwa. Fanya hayo ukiwa umelala kifudifudi na silaha iko karibu kugusa ardhi, utaelewa kwa nini kulikuwa na mtu wa pili.

Huyo mtu wa pili ndiye aliyefutwa na gemu karibu zote. Silaha hizi zilikuwa za watu wawili: mmoja analenga, mwingine anabeba risasi, anapakia na kutazama uwanja. PTRS hutenganishwa vipande viwili, mtutu na mwili, ili kila mmoja abebe chake. Uzito wake ni kama ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ila ndoo hii ina urefu wa mita 2. Hakuna anayeruka ukuta nayo na kufyatua akiwa hewani. Tena kidhibiti mshtuko cha mdomo wa mtutu hutimua gesi pembeni, na kwenye ardhi kavu huinua vumbi ambalo dereva wa kifaru analiona vizuri. Risasi ya kwanza huwaonyesha mlipo. Kuhama baada ya risasi chache kulikuwa sharti la kubaki hai, na kuhama na chuma hicho ni kazi ya wawili.

Turudi kwenye hoja ya nguvu. Anayesema silaha hii haikufaa kitu ana ushahidi mmoja mzito. Februari 1943, karibu na Rostov, kifaru kimoja cha Tiger kilihesabiwa alama 227 za risasi za bunduki hizi, pamoja na 14 za mizinga ya milimita 52 na 11 za milimita 76.2, kwa hesabu ya taarifa ya Wajerumani wenyewe. Kiliendelea kwa kilomita 60 na kurudi kwao. Chuma cha ubavu wa chini wa Tiger kina milimita 60, na cha mbele 100. Hesabu haidanganyi: risasi 227, kifaru hakikufa.

Lakini taarifa hiyohiyo inaeleza pia kwamba mfumo wa magurudumu uliharibika vibaya. Na Tiger vilikuwa vichache mno. Kifaru ambacho askari wa kawaida alikutana nacho kilikuwa Panzer III, Panzer IV au mzinga wa kujiendesha wa StuG, vyenye ubavu wa milimita 30. Hapo, kwa mita 100 hadi 200 na kwa pembe nzuri, risasi ya 14.5 ilipenya.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote ni wa mabamba ya pembeni yanayoitwa Schürzen. Kuanzia 1943 Wajerumani walitundika mabamba ya milimita 5 ubavuni mwa Panzer III, Panzer IV na StuG. Watu wengi hudhani yalikuwa ya kuzuia makombora ya aina ya bazuka. Sivyo, yaliwekwa hasa kwa ajili ya bunduki hizi. Risasi ikipita bamba jembamba hupoteza mwelekeo, kiini chake huyumba au kuvunjika, na kinapofika kwenye chuma chenyewe hakina tena nguvu ya kupenya. Hata Panther, kifaru kipya kabisa cha mwaka huo, kilivishwa mabamba kwa sababu ubavu wake wa chini ulikuwa na milimita 40 tu. Jeshi lenye uhaba wa chuma halitundiki tani za chuma kukwepa silaha isiyo na madhara.

Kupenya nako hakukuwa mwisho wa kazi. Kipande kinachoingia ndani ni kidogo kuliko kidole. Kinaweza kumjeruhi dereva, kugonga injini, au kuingia na kusimama bila kugusa chochote. Ndiyo maana lengo halikuwa kifaru kwa jumla. Lilikuwa sehemu zake: vioo vya kuonea, ubavu penye injini, magurudumu na minyororo. Kifaru kilichovunjwa vioo kinaongozwa na mtu asiyeona, na kilichokatika mnyororo kinasubiri mzinga.

Kwa kipimo hicho, gemu ya Red Orchestra 2 ya mwaka 2011 inastahili heshima yake. Mchezaji wa PTRS lazima alaze silaha, achague pembe na kulenga mahali walipokaa wahudumu wa kifaru, kwa sababu kila mhudumu anaweza kuuawa peke yake. Company of Heroes 2 ya 2013 nayo imesogea karibu: kikosi cha Guards kina PTRS mbili kati ya watu sita, na huchosha kifaru polepole badala ya kukilipua. Moto unaowaka kwa risasi moja ni wa sinema.

Sinema za Kirusi zina uzito mwingine, kwa kuwa zinagusa wafu halisi. Filamu ya Panfilov's 28 Men ya 2016 imeonyesha vizuri jinsi PTRD zinavyobebwa na kutumiwa, na hilo nalisifu bila kusita. Ila hadithi inayoibeba, kwamba watu 28 wa divisheni ya Jenerali Panfilov waliteketeza vifaru 18 pale Dubosekovo, karibu na Moscow, tarehe 16 Novemba 1941, ilichunguzwa na waendesha mashtaka wa kijeshi wa Kisovieti mwaka 1948 na kuonekana imetungwa na gazeti. Kanali Ilya Kaprov, aliyeongoza rejimenti ya watu hao, alieleza kuwa kompania nzima ilipigana na zaidi ya mia moja walikufa. Usahihi wa silaha haufuti kosa la kuwapunguza waliokufa mpaka 28.

World at War nayo nisiihukumu kwa darubini peke yake. PTRS haikutoka kiwandani na darubini, lakini wazo la kuitumia kwa shabaha za mbali si la kutungwa tu: bunduki hizi zilipigia pia viota vya bunduki za rashasha hadi mita 800, na katika vita vya Korea, Kapteni William Brophy wa Marekani aliifunga PTRD mtutu wa milimita 12.7 kwa udunguzi wa mbali. Hata hivyo Brophy alibadilisha mtutu pamoja na risasi.

Kwa upande wetu wa dunia, mkono wa Simonov umefika kwa njia nyingine: muundo wa PTRS ulipunguzwa ukazaa SKS, ambayo Tanzania inajulikana zaidi kwa jina la SAR. Aliyewahi kuishika SAR ameshika mdogo wake PTRS. Tofauti ni kwamba SAR hubebwa na mtu mmoja, na gemu itakayoitendea haki PTRS itaanza kwa kumrudisha yule wa pili, amelala kushoto au kulia kwa mwenzake, klipu mkononi.