Usiulize inafika wapi, uliza inatuaje

Mchezaji wa gofu wa handikapu 5 (hodari, anayezidisha mipigo 5 hivi tu juu ya kiwango cha uwanja) akienda kujaribu aironi mpya, yaani fimbo za kichwa cha chuma zenye namba, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni umbali. Anapiga namba 7, skrini inaandika mita 165, uso unamng'aa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anapoanza kupotea.

Geuza fimbo uangalie lofti, yaani mlalo wa uso wake. Titleist 620 MB, bapa (aironi isiyochimbwa mgongo) ya kufuliwa kwa mtindo wa zamani, ina digrii 35 kwenye namba 7. Aironi nyingi zilizotengenezwa kumsaidia anayejifunza zina 28 au pungufu kwa namba hiyohiyo. Tofauti ya fimbo moja na nyingine huwa digrii 4 hivi, namba ndogo ikiwa na lofti ndogo na umbali zaidi, kwa hiyo umeshikishwa karibu namba 5 iliyochorwa 7. Umbali ulioongezeka haukutoka kwako.

Kwa mchezaji hodari, aironi ni ya kusimamisha mpira kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo na bendera. Katika vipimo vya TrackMan (rada inayopima mipigo), wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, hupiga namba 7 kwa spini (mzunguko wa mpira kwa nyuma) ya wastani wa mizunguko 7,000 hivi kwa dakika, na mpira hushuka kwa pembe ya takriban digrii 50. Ukishuka chini ya digrii 45 juu ya grini ngumu, unaruka na kuvuka nyuma. Nairobi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, jambo hili linauma zaidi: hewa ni nyepesi, spini haiunyanyui mpira kama inavyofanya pwani, na mpira hushuka kwa mteremko mdogo. Anayecheza kwenye viwanja vya Muthaiga au Karen ana umbali wa bure tayari. Kinachomtoka ni ukali wa pembe ya kutua, na lofti ndiyo inayomrudishia.

Halafu kuna wembamba wa uso. Aironi zenye tumbo tupu na uso mwembamba hurusha mpira kwa nguvu, lakini mara moja moja, hasa nyasi zikiingia kati ya uso na mpira, spini huanguka na mpira ukaenda mita 10 zaidi bila wewe kukosea lolote. Anayeanza hatatambua. Wewe utajikuta nyuma ya grini, bendera iko mbele.

Soli, sehemu ya chini ya fimbo inayogusa ardhi, nayo isisahaulike. Nyasi za kikuyu ni nene na hung'ang'ania shingo ya fimbo, kisha uso unajifunga, yaani unageukia ndani. Soli nyembamba, iliyochongwa kidogo ukingo wa nyuma, hutoka humo kwa urahisi kuliko soli pana.

Chuma laini cha kaboni kama 1025 nakipenda kwa sababu moja: kinakunjika. Fundi anaweza kurekebisha lai (pembe ya mti wa fimbo na ardhi) kwa digrii 2 bila hofu, ilhali chuma kigumu cha kumiminwa, kama 17-4, chaweza kupasuka. Ila kinachokunjika kwa fundi hukunjika pia kwa mazoezi ya mkeka, kwa hivyo lofti na lai zipimwe kila mwaka. Kumbuka pia kwamba ukipunguza lofti digrii 1, baunsi (pembe inayozuia soli kuzama ardhini) nayo inapungua digrii 1, na soli itaanza kuchimba.

Kupima lai hakuhitaji mashine. Chora mstari mnene kwa kalamu ya wino nyuma ya mpira, uweke wima ukiutazama uso wa fimbo, kisha upige. Mstari utajichapa usoni. Ukisimama wima kwa gruvu, ile mifereji ya usoni, lai ni sawa. Juu yake ukiegemea ncha, upande ulio mbali na mti wa fimbo, fimbo imesimama mno, na anayetumia mkono wa kulia atavuta kushoto. Ukiegemea kisigino, upande ulio karibu na mti, imelala mno.

Unapojaribu seti, nenda na mpira unaouchezea. Piga 10, tupa ule bora na ule mbaya, kisha utazame pengo kati ya mfupi na mrefu katika 8 zilizobaki. Pengo la mita 8 kwenye namba 7 nalikubali. La 15 narudisha fimbo, hata kama ule mrefu ulipendeza. Si lazima seti nzima iwe bapa: ya 4 hadi 6 ziwe na mgongo uliochimbwa, ya 7 hadi pichingi (fimbo fupi inayofuata ya 9) ziwe bapa, mradi shafti, yaani miti ya fimbo, ni zilezile na lofti zinapishana vizuri pale seti zinapoungana.