Kabla ya Kilomita, Uliza Gari Ikilala Wapi

Gari ya mkononi ikiuzwa hapa Unguja, suali la mwanzo la mnunuzi halibadiliki: imetembea kilomita ngapi? Muuzaji anafungua switchi, dashibodi inaonesha tarakimu ndogo, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Mimi naona suali hilo lingesubiri. La mwanzo liwe: gari hii ikilala wapi? Jambiani upande wa bahari, au Dole kwenye mashamba? Kisiwa chetu hakifiki kilomita 90 kwa urefu. Mtu anayekaa Mbweni na kufanya kazi Mjini anaweza kuendesha miaka kadhaa na kilomita zikabaki chache, na muda wote huo chini gari inaliwa na kutu.

Nazungumzia hasa hizi gari za juu za ukubwa wa kati: RAV4, X-Trail, Forester, Harrier. Familia nyingi zinazipenda, na zina haki ya kupendwa. Zinapita njia za shamba bila ya kukwaruza tumbo, zinabeba watoto na magunia pamoja, na vipuri vyake vinapatikana. Yangu imenitumikia vizuri na nina nia ya kukaa nayo. Ndiyo maana inaniuma kuona gari nzima, yenye injini safi, inakwenda kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hakuna aliyewahi kulala chini yake na tochi.

Nyingi tunazipata Japani zikiwa zimeshatumika. Kule gari binafsi hupelekwa ukaguzi wa lazima inapotimia miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa hiyo injini na breki kwa kawaida hazijapuuzwa. Lakini mikoa ya baridi kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji ili kuyeyusha barafu. Gari ya huko inashuka bandarini Malindi, hapa Unguja, ikiwa inang'aa juu, chini kutu imeshaanza, kisha inakuja kuishi kisiwani. Anayeagiza aisome vizuri karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayotolewa gari inaponadiwa Japani: kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Aombe na picha za chini. Picha za viti na redio anaweza kuzikosa bila ya hasara.

Kuna wanaodhani chumvi inadhuru gari zinazovuta boti pwani tu. Kusi likivuma, vijiji vya mashariki kama Paje, Bwejuu na Jambiani vinapigwa na upepo uliobeba chembe za maji ya bahari usiku na mchana. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo cha mbele, unaiona chumvi. Chembe hizo zinaingia ndani ya matao ya magurudumu na kwenye maungio ya bati chini ya milango. Na chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ongeza na ndoo ya samaki inayomwagika kwenye buti. Maji yale yanapenya chini ya zulia, yanakaa kwenye shimo la spea tairi, na hakuna anayeyakumbuka.

Shemeji yangu wa Jambiani alisumbuliwa muda mrefu na taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki. Kompyuta ya gereji ilisema ni sensa, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa gurudumu; akanunua sensa, taa ikarudi. Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyeivua na kuangalia pale inapokaa: kutu ilikuwa imevimba chini yake na kuisogeza mbali na meno inayoyasoma. Akapasugua, akairudisha, na taa ikazima. Namna hii ya matatizo ni nyingi mno kwetu. Waya za ardhi zinashika kutu kwenye bolti, taa zinafifia, vipimo vinaruka, na mwenye gari anauziwa betri au altaneta. AC inapoteza baridi kwa sababu kondensa, ile inayopoza gesi ya AC, iko mbele kabisa, inapokea upepo wa chumvi, na vile vibati vyake vyembamba vinamomonyoka ukivigusa. Badala ya kuibadilisha, watu wanajaza gesi kila mara.

Breki ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Kalipa, ile inayobana padi kwenye diski, inatembea juu ya pini mbili zinazotakiwa ziteleze. Zikikamata kutu, padi ya ndani inaisha mpaka chuma na ya nje inabaki nene, na gari inavuta upande mmoja ukikanyaga. Kila padi zinapobadilishwa, mwambie fundi azitoe pini, azisafishe, na atie grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira wake, na tatizo linarudi baya kuliko mwanzo.

Basi dawa ni nini? Maji matamu, chini, mara kwa mara. Vijana wetu wa kuosha gari wanajitahidi sana kwenye bodi na rimu, na wateja tunawalipa kwa mng'aro. Waombe waelekeze pampu ndani ya matao na chini ya milango, hasa baada ya kurudi pwani ya mashariki, na ulipe zaidi kwa kazi hiyo. Mvua ya masika haioshi chini ya gari. Inarusha tope lenye mchanga na kuliacha hukohuko.

Ninapinga kabisa ile desturi ya kupaka lami juu ya kutu. Fundi anapaka, chini panakuwa peusi pazuri, mnunuzi anaridhika. Kutu iliyofunikwa haijafa, na mara nyingi lami inaziba vile vitundu vidogo vya kutolea maji kwenye milango na bodi, maji yakabaki ndani. Kwanza isuguliwe mpaka chuma safi, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo ifuate kinga nyengine. Wengine wanapuliza oili chafu ya injini. Hiyo inaharibu bushi na mipira, kisha inadondoka ardhini, na sisi Unguja maji ya kunywa tunayatoa chini ya ardhi hiyo hiyo.

Kwenye rejeta pia tumezoea vibaya. "Hapa hakuna barafu, bwana, tia maji tu," utaambiwa gereji. Kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, ina kazi zaidi ya kuzuia barafu: inalinda aluminiamu na pampu ya maji zisiliwe, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa. Angalia birika la nyumbani kwako. Ukoko ule ule unajijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Na injini ikichemka, usikubali dawa ya kuondosha themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Injini itatembea baridi kuliko inavyotakiwa, itakula mafuta, na kiini cha tatizo kitabaki palepale.

Safari fupi nazo zinachosha oili. Kutoka nyumbani mpaka skuli ya watoto, mpaka Darajani, na kurudi: injini haipati muda wa kutosha kukausha unyevu na petroli iliyovujia kwenye oili. Kwa matumizi hayo mimi nahesabu miezi sita, kilomita ziwe zimefika au hazijafika. Oili ya breki nayo inanyonya maji ya hewani. Miaka miwili inatosha. Gari yenye gia boksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia, itiwe oili yake tu: X-Trail ya toleo la T31 inataka oili ya NS-2, na toleo la T32 inataka NS-3. Anayekuuzia oili moja kwa gia boksi zote hakutakii mema. Forester inataka tairi nne zinazolingana kwa saizi na kwa kuisha, kwa vile magurudumu yote yanavuta. Tairi yoyote isome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyoandikwa ubavuni kabla ya kulipa, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Pesa ikiwa haitoshi kwa yote, anza na bomba za breki za nyuma, zile zinazopita juu ya tangi la mafuta mahali ambapo tope linakaa. Mwambie fundi apandishe gari, aondoshe tope, amulike kwa tochi na apitishe kidole urefu wote. Zikiwa zimevimba au zinabanduka maganda, zibadilishwe kabla ya safari nyengine, na kama zinapatikana uweke za mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambazo hazishiki kutu kama za chuma.