Samaki Apite, Mchuzi Ubaki

Ndege yangu iliondoka Kisumu saa nne asubuhi, na kabla ya saa moja kuisha ilikuwa imetua katika uwanja ambao jina lake nitalisitiri, nikaambiwa nisubiri saa saba nzima hadi ndege ya kwenda Ulaya.

Sikuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu jioni iliyotangulia mke wangu alikuwa ameteremka hadi ufuo wa Dunga, akachagua samaki aina ya ngege, mnono, akamkaanga, akamtokosa kwa nyanya na dania, kisha akamtia katika mkebe pamoja na mchuzi wake. Kisumu tulipita salama, mimi na ngege. Kwenye ukaguzi wa safari za nje, binti mmoja mwenye adabu sana aliufunua mkebe, akanusa, akafumba macho kidogo, akasema, "Mzee wangu, samaki apite, mchuzi ubaki."

Nilimwuliza mchuzi umekosa nini. Akanieleza kwamba mwaka 2006 iligunduliwa njama ya kulipua ndege zinazotoka Uingereza kwa vilipuzi vya majimaji, na baada ya hapo ikawekwa kanuni kwamba chombo cha majimaji kinachobebwa mkononi kisizidi mililita 100. Mililita 100 za mchuzi! Hizo, binti yangu, ni za kulowesha tonge la kwanza tu.

Basi nikaenda kutafuta ugali na mchuzi mbadala. Katika mkahawa wa kwanza nilionyeshwa picha ya mkate uliobana jani moja la saladi, kwa shilingi 950. Katika wa pili niliagiza chai ya shilingi 400, nikaletewa maji ya moto, na maziwa yakiwa kando katika kikopo mfano wa kifuniko cha kalamu, ilhali chai ninayoijua mimi huchemshwa pamoja na maziwa hadi vizoeane. Ninafahamu kwamba wenye mikahawa hiyo hulipa kodi kubwa, lakini mimi niliomba chai, sikuomba kuwasaidia kodi.

Ndipo nikamwona mfagizi akipita huku anachokoa meno. Mtu hachokoi meno kwa sababu ya keki. Nilimfuata, nikamwamkia kwa heshima, naye akaninong'oneza kwamba wafanyakazi hula kibandani nje ya ua: ugali, sukuma wiki na matumbo, kwa shilingi 150. Nje ya ua! Pasipoti yangu ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri wa kutoka. Kwa mujibu wa serikali nilikuwa nimeondoka Kenya, ingawa tumbo lilikuwa bado halijaarifiwa.

Nilimla ngege wangu mkavu, mkebe ukiwa mapajani, huku jirani yangu akihamia kiti cha mbali kisha akirudi taratibu kutazama.

Tulipokuwa angani, ambako hewa kavu na shinikizo dogo huufanya ulimi usihisi vyema chumvi wala sukari, mhudumu alikuja na kigari chake, akaniuliza kama ningependa kuku au samaki. Nilimwuliza kwanza iwapo samaki huyo ana mchuzi, akaniapia kuwa anao. Nilipofunua kisahani nilikuta mchuzi tele, umejaa hadi ukingoni, na ndani yake nikamtafuta samaki kwa uma hadi taa zilipozimwa.