Msinipulizie silva

Wiki iliyopita kuna picha ilizunguka kwenye simu za watu wa mji huu, na bila shaka umeipata na wewe. Morris Minor ya kizamani, boneti juu, injini inametameta. Chini yake maneno: "Imefanyiwa ovaholi kamili, injini yake ya 1948, tayari kwa harusi." Na watu wakafuatana na mashallah zao hadi nikaizima simu.

Mimi niliikuza ile picha. Tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, silva, yaani rangi ya fedha ya kupuliza. Bloku silva. Dinamo silva. Mpira wa rejeta silva, na klipu zake silva. Hata kigae cheupe cha plagi hakikusalimika. Fundi yule angemkuta paka kalala juu ya kabureta, na paka angetoka hapo silva.

Nikaenda kuiona, maana haiko mbali na kwetu. Mwenyewe akanifungulia boneti kwa furaha, maskini. Nikapitisha ukucha ubavuni mwa bloku, na ile rangi ikabanduka utando mzima, upana wa dole gumba, laini, inanata. Nyuma yake imeshika oili nyeusi. Chini ya oili kuna kutu. Yaani mtu alichukua kopo akapulizia juu ya uchafu wa miaka na miaka, akaupa jina la ovaholi na akalipwa. Mwenye gari alinitazama kana kwamba nimemchuna mwanawe.

Na ile 1948? Mwaka 1948 Morris Minor ilitoka na injini nyingine kabisa, ya valvu za ubavuni, ujazo wa sisi (cc) 918. Hizi za valvu za juu, kama hii niliyofunguliwa, zilianza kuingia 1952 zikiwa na sisi 803, zikafuata za 948 mwaka 1956, kisha za 1098 mwaka 1962. Ukitaka kujua unayo ipi unasoma kibati kilichopigiliwa kwenye bloku: namba ikianza na 9M ni ya 948, ikianza na 10MA ni ya 1098. Kibati kilikuwepo. Ila nacho kimepuliziwa, herufi zimejaa silva hazisomeki. Cheti cha kuzaliwa cha gari kimefutwa ili gari ipendeze.

Sasa nisikilizeni. Kupiga rangi injini ya zamani ni kazi ya kukwangua na kuosha. Rangi yenyewe ni robo saa ya mwisho, mtoto wa skuli anaweza kuipuliza. Anayekutajia bei ya rangi bila ya kukutajia kazi iliyo kabla ya rangi anakuuzia kopo.

Na hapa kwetu kuna jambo moja linalozidi yote, nalo ni chumvi. Maelekezo mengi unayoyaona mtandaoni yameandikwa na watu wanaokaa mbali na bahari. Wao wanasema toa grisi, toa kutu, piga praima (rangi ya kwanza ya kushikia), piga rangi, basi. Sisi tunaishi kisiwani, Unguja. Kusi ikivuma, ukipitisha kidole asubuhi kwenye kioo cha gari iliyolala Forodhani au Kizimkazi utaionja chumvi. Gari yenye umri wa miaka sitini imekula hewa hiyo maisha yake yote, na bloku la Morris ni chuma cha kusubu, si laini kama kinavyoonekana kwa mbali. Kina vishimo vidogo vidogo, na kutu inazidi kuvichimba. Chumvi inakaa humo.

Fundi akija na burashi ya waya kwenye drili, anakwangua vilima na kuviacha vishimo. Chuma kinang'aa, kila mtu anafurahi, rangi inapigwa. Lakini rangi, hata iwe nzuri vipi, si kizibo. Mvuke wa maji unapenya pole pole, na chumvi iliyofungiwa chini inauita. Chumvi huvuta maji, ndiyo tabia yake, angalia mkebe wa jikoni wakati wa masika. Maji yakishakusanyika chini ya rangi, rangi inafura kipele, kipele kinapasuka, kutu inatoka imenona kuliko ilivyokuwa. Na injini inapata moto na kupoa kila siku, kwa hiyo ufa mdogo hauchelewi kuwa mkubwa. Halafu utamsikia mwenye gari analaumu rangi: "Rangi za siku hizi feki." Pengine kweli feki. Lakini ungeipaka ya kiwandani kabisa juu ya chumvi ingefura vilevile.

Dawa yake ni maji. Maji matamu, na mengi. Injini imeshashushwa na kufunguliwa, matundu ya oili na ya boliti yamezibwa vizuri, grisi imetolewa kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni, kutu imekwanguliwa. Hapo unaliosha bloku kwa maji ya moto na burashi ngumu ya nailoni inayoingia vishimoni, unalisuuza, unalipuliza kwa kompresa na kulianika juani. Kisha, na hapa ndipo mafundi wetu wanaponicheka, unaliacha barazani lilale usiku mmoja bila ya rangi. Asubuhi unaliinamia na tochi. Ukikuta ukungu mwembamba wa rangi ya chungwa umeenea sawasawa, huo ni unyevu wa usiku tu, utaondoka kwa msasa. Ukikuta vidoa vyeusi, vibichi, kimoja hapa kimoja pale, kila kimoja kimekaa ndani ya kishimo chake kama kinatoka jasho, hiyo ni chumvi bado imo. Unarudia kuosha. Unarudia mpaka visitokee.

Na maji gani? Usiniletee maji ya kisima cha pwani, yale ambayo ukipikia chai hainyweki. Kinga maji ya mvua. Mvua tunayo ya kutosha, na paa la bati linatoa pipa zima kabla muadhini hajamaliza adhana.

Najua jibu, nimeshalisikia: "Ami, hiyo kazi ya siku ngapi? Mteja anataka gari Ijumaa." Mteja hana haraka ya kufa. Gari imesimama chini ya mwembe tangu mwenye gari yuko skuli, leo ghafla ina haraka ya Ijumaa.

Wakati wa kupuliza nao una mambo yake. Mafundi wanapenda jioni, upepo umetulia na vumbi limelala. Lakini jioni ndipo unyevu unapopanda na chuma kinapopoa, na rangi inakauka na weupe weupe kama imeota ukungu. Kanuni ya wapaka rangi wa vyuma ni kuwa chuma kiwe na joto lisilopungua digrii 3 juu ya kiwango ambacho umande unaanza kushika. Huna kipimo? Puliza kabla ya adhuhuri, jua limeshalitia bloku vuguvugu, miezi ya kaskazi ikiwezekana. Kwa vumbi, mwaga maji sakafuni.

Ekzosi manifodi, lile bomba la moshi lililofungwa kwenye injini yenyewe, haitaki rangi hiyo hiyo ya bloku. Itaungua na kukutia aibu. Ina rangi yake ya kuhimili moto mkali, au iache.

Waya wa athi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari, ukiufunga juu ya rangi, staata itakohoa, na utabadilisha betri bure. Pale panataka chuma kitupu.

Nyuso za gasketi, pale vipande viwili vya injini vinapobanana, hazipakwi. Sitaki hata kulieleza hili.

Sasa nitoke kwenye utani kidogo, kwa sababu kuna jambo linaniumiza kuliko silva. Ni wale vijana wa gereji. Mnawapa kazi ya kukwangua kwa sababu ni kazi chafu, na mnawapa mikono mitupu. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu, na kijana anaikwangua kwa msasa mkavu, vumbi linampanda puani, kisha anakaa pale pale anakula mandazi. Nimeona mtu anapiga vyuma kwa mchanga wa ufukweni na kompresa, kajifunga shati usoni. Mchanga ukipasuka vile unatoa vumbi linaloingia kwenye mapafu na halitoki tena. Waingereza walikataza mchanga wa namna hiyo kwenye kazi za kusafisha vyuma kwa kanuni za mwaka 1949, yaani hizo kanuni ni mdogo wa Morris Minor kwa mwaka mmoja tu. Na tukiacha kifua cha mtu, mchanga wenyewe wa ufukweni umetoka baharini. Unaipigia injini chumvi kwa nguvu ya kompresa, halafu uje uniambie unaisafisha.

Dawa za kubandulia rangi nazo, zile kali ambazo rangi inakunjamana ukiitazama, nyingi zilitengenezwa kwa dikloromethani. Mvuke wake mwilini unageuka kaboni monoksaidi, ile ile ya moshi wa ekzosi. Ulaya walizuia kuwauzia watu wa kawaida tangu mwishoni mwa 2011, Marekani wakafuata 2019. Sisi tunaifungua kwenye chumba cha bati chenye mlango mmoja. Ukiwa nayo ya namna hiyo, fanyia kazi uwanjani, upepo nyuma yako. Na kostiki soda, hii ya watengeneza sabuni, inatoa rangi kwenye chuma vizuri, sikatai, lakini ukitumbukiza kabureta au kitu chochote cha aluminiamu itakila na kutoa mapovu ya haidrojeni, na utabaki na supu. Glavu, miwani, maski. Vyote vitatu havifiki bei ya tapeti kava unayoisaka miezi na miezi.

Ugonjwa wa kufunika, kwa kweli, hauko gereji peke yake. Mji Mkongwe umeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado mtu akiona ukuta wake wa mawe na chokaa unatoa unyevu anaupiga saruji, juu ya saruji rangi ya plastiki inayong'ara. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani unaula taratibu, na nje unapendeza, watalii wanapiga picha. Ningeendelea lakini hiyo ni makala nyingine na nina maadui wa kutosha.

Haya, nikubali kitu. Silva ni rahisi na inapatikana soko la Darajani muda wowote. Fundi analipwa kwa kile ambacho mteja anakiona, na mteja wetu anaona mng'aro. Hakuna aliyewahi kulipia usiku mmoja wa bloku kulala barazani. Na kuna gari nyingine, pijo za abiria, gari za shamba za mbao, ambazo kazi yake ni kubeba ndizi kutoka Donge hadi mjini, na mwenyewe akipulizia silva kwa raha zake simuingilii. Hata harusi, sawa, maharusi wanataka picha. Lakini basi usiniambie ovaholi. Niambie umeipaka poda, nitakupa hongera ya poda.

Ninachokitaka mimi ni injini iliyokwanguliwa mpaka chuma, ikaoshwa, ikapigwa praima na kurudishiwa rangi yake. Na rangi yake si silva. Injini ya 1098 ilitoka kiwandani kijani, kijani moja iliyopoa, haijakolea wala haijapauka, na mpaka leo inapatikana mahali ambapo jua na mikono havijafika: nyuma ya kishikio cha dinamo, na pembezoni mwa kile kibati. Sugua kibati kwa tina (ile ya kuyeyushia rangi) na kitambaa, pole pole, utaiona.

Ninayo sampuli, kipande cha bati cha ukubwa wa kucha kilichokaa miaka yote chini ya kishikio. Maduka niliyopita wananitolea kijani ya milango ya misikiti. Anayemjua mchanganyaji rangi mwenye jicho, Unguja au Pemba, aniandikie. Niko tayari kupanda boti hadi Mkoani, kule Pemba, kwa lita moja.