Ulaya Iliponiangukia Kifuani

Ile video mliyotumiwa, "Mwalimu Avamiwa na Ulaya", imekatwa pabaya. Mwenye kurekodi ni mwalimu mwenzangu wa Kemia, na chai yangu hanywi tena.

Nilikuwa nawaeleza Kidato cha Pili habari za Southwick House, lile jumba karibu na Portsmouth, Uingereza, alikokaa Admirali Ramsay akiongoza meli za kuvamia Normandy, pwani ya Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani, Juni 1944. Ukutani kuna ramani kubwa ya plaiwudi iliyotengenezwa na Chad Valley, kampuni ya midoli. Waliagizwa watengeneze pwani yote ya Ulaya, Norwe hadi Uhispania, wasijue shabaha ni wapi. Mafundi wawili walioileta wakaambiwa watundike kipande cha Normandy tu. Basi, siri wameijua: wakazuiliwa humo humo mpaka uvamizi ukapita.

Nikasema, kama wenye midoli wameweza, mimi nani? Nikashuka soko la Kibuye, Kisumu, nikanunua plaiwudi 3, futi 8 kwa 4, milimita 12. Moja tu ina kilo 20 na ushei. Fundi akanionya: "Mwalimu, toboa hadi kwenye tofali, tia plagi na skrubu, na chini weka ubao wa kubeba uzito." Nikaona anatafuta kazi. Nikapiga misumari ya inchi 2. (Mnaocheka, hesabuni: toa milimita 12 za ubao, toa sentimita 2 za plasta, msumari umebaki na nini cha kushika?) Bahari nikaipaka usiku wa manane.

Sasa nimeinua fimbo: "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Wamarekani..." Kwaa. Vumbi la plasta likaniingia shingoni. Nikadhani mchwa. Juu kulia Norwe ikaanza kuinama, taratibu, kama mzee anayepokea salamu. Nikaiwahi kwa kiganja. Chini kushoto Uhispania ikachomoka. Nikaizuia kwa goti. Ufaransa ikaona imeachwa, ikaja yote kifuani. Nikabaki nimekumbatia bara zima, shavu limebanwa kwenye bahari ambayo, ndugu zangu, haijakauka.

Kimya. Kisha sauti ya nyuma: "Mwalimu, tukusaidie ama bado unafundisha?"

Wakanitoa. Tapentaini, plasta, fundi akaitwa, akalipwa mara mbili.

Wale wa Southwick walifungiwa na siri haikutoka. Mimi sijamaliza kunawa, simu ya mama kutoka Maseno: "Mwanangu, huyo unayemkumbatia mbele ya watoto ni nani?"