Kikao Nilichohudhuria Nikiwa Chooni

Mimi ni afisa wa makazi. Nikiulizwa na mtu wa heshima, nasema kazi yangu ni kuandaa sera za nyumba nafuu mijini na kushirikisha jamii. Mama yangu yeye huwaambia watu kwamba naenda mikutanoni na kurudi na vumbi. Kwa siku ninayotaka kuisimulia, mama ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Tulikuwa na mchoro wa nyumba 240, zote mapacha, za kujengewa wakazi wa mtaa mmoja uliobanana. Mchoro ulikuwa umepita kamati tatu, na kila kamati ilikuwa imegonga muhuri wake. Walibaki wananchi tu, na kwa kuwa wananchi hawana muhuri, ofisini tuliwahesabu kuwa hatua nyepesi.

Nilikwenda na slaidi 46. Mkutano ulikuwa uwanjani, saa tisa alasiri, jua limesimama kama askari, na projekta yetu ikawa kibatari mchana. Wazee walikitazama kile kitambaa cheupe kwa adabu kwa muda wa dakika kumi hivi. Mwenyekiti wa mtaa akakohoa.

“Mwanangu, shuka tumeliona. Nyumba iko wapi?”

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Ipo njia inayopendwa na watu wa fani yetu: mnaichora nyumba chini, kwa ukubwa wake kamili, watu wakatembea ndani yake kabla hata tofali moja halijanunuliwa. Nikaomba chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira, futi kamba na vijana wanne. Mimi nikashika mwanzo wa futi kwenye kona, nikawa naelekeza: vuta hapo, kata hapo, acha wazi hapo, huo ni mlango. Baada ya nusu saa nyumba ilikuwa imelala chini, mita 8 kwa 4, sebule, jiko, vyumba viwili, na choo na bafu mle mle. Ilipendeza, haki ya Mungu.

Nikatangaza sheria kutoka pale kwenye kona yangu: “Ndugu zangu, mstari ni ukuta. Palipo wazi ni mlango. Hakuna kuruka ukuta!”

Mtoto mmoja akakatiza kutoka sebuleni hadi chumbani. Nikamkemea, arudi azunguke mlangoni. Watu wakapiga makofi. Nikapata kiburi, nikamrudisha na wa pili, ambaye kusema kweli alikuwa anafuata kandambili yake tu. Kuku alipopita nyumba nzima bila kugusa mlango hata mmoja, nilimwacha, maana hakuwa kwenye orodha ya wanufaika.

Bibi mmoja akasema, “Ngojeni nikalete kitanda.” Tukacheka tukidhani ni utani. Bibi akarudi na wajukuu watatu wamebeba kitanda, futi tano kwa sita, na mto juu yake. Kikaingizwa chumbani kwa kupitia mlangoni, kwa shida, kimelazwa ubavu. Kilipotulia ikaonekana mlango ungefunguka nusu tu, kisha ukutane na ubao wa kitanda. Bibi hakujali, akapanda akajinyoosha.

“Na nguo zangu?”

“Bibi, nafasi ya kabati iko hapo miguuni.”

“Miguuni kwa nani?”

Nikatazama. Miguu ya bibi ilikuwa imeshafika ukutani.

Kabla sijajibu, fundi mwashi mmoja, mzee wa kofia, aliinama akachungulia mstari wangu kama daktari anayechungulia koo. Akauliza ukuta una unene gani. Nikasema tofali la inchi sita. “Mbona hapa naona uzi?” Akachukua kijiti, akapiga hesabu mchangani: kuta za nje peke yake zinakula mita za mraba tatu na nusu kati ya 32 nilizojisifia, na za ndani bado. Akasimama akajipangusa mikono. “Hela zikiwa chache, kwa nini msitujengee nusu iliyo ngumu, choo na jiko na paa, nusu nyingine tumalizie wenyewe kadiri tunavyopata?”

Naomba mnielewe maumivu yangu. Hilo lilikuwa slaidi ya 31. Nilikuwa na picha za Quinta Monroy, kule Iquique nchini Chile, ambako familia 93 zilijengewa nusu nyumba na kuachiwa nafasi ya kujazia nusu ya pili, na msanifu wake, Alejandro Aravena, akaja kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, mwaka 2016. Nilikuwa nimepanga kuifunua habari hiyo kama siri ya ng’ambo. Mzee ameimaliza kwa kijiti.

Ndipo mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akauliza kwa sauti ya upole kabisa, “Samahani, choo tunaingilia wapi?”

Nilijibu kwa kujiamini, “Hapa nilipo ndicho choo.”

“Naona. Nauliza wewe umeingilia wapi?”

Nikageuka kushoto: ukuta wa jiko. Kulia: ukuta wa chumba alimolala bibi. Pande mbili zilizobaki: ukuta wa nje, ukuta wa nje. Nilikuwa nimesimama mle tangu uchoraji ulipoanza, vijana wamenizungushia mistari kwa maelekezo yangu mwenyewe, na katika kuta nne hapakuwa na tundu la kupitisha hata kidole. Kulikuwa na kidirisha juu, basi.

Nilijua mara moja kilichotokea. Mchoro wa kwanza ulikuwa na korido, na mlango wa choo ulikuwa kwenye korido. Tukaambiwa tupunguze gharama. Tukakihamisha choo kikagusana mgongo na jiko ili mabomba ya maji safi na maji taka yatumie ukuta mmoja, jambo la busara kabisa, nalitetea mpaka kesho. Kisha tukaifuta korido, kwa kuwa hakuna mtu anayelala koridoni. Ilipoondoka iliondoka na mlango, na hakuna aliyekumbuka kuuandikia mlango ule barua ya uhamisho. Kamati tatu zikagonga mihuri. Vyoo 240 visivyoingilika.

Nikainua mguu nivuke.

“UKUTA!”

Uwanja mzima. Aliyepiga kelele kuliko wote ni yule mtoto wa kandambili. Nikamtazama mwenyekiti kwa macho ya kuomba msamaha wa rais. Akatikisa kichwa kwa huruma. “Sheria umeweka wewe, mwanangu. Tuendelee na ajenda.”

Na wakaendelea. Nilifafanua gharama nikiwa mle ndani. Nikaeleza kwamba kipimo kinachotumika sana ni malipo ya nyumba yasizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Kijana mmoja akanyoosha mkono: “Asilimia 30 ya mwezi upi? Mwezi huu nimepata kibarua siku tisa. Uliopita siku ishirini. Kabla ya hapo nilikuwa kitandani naumwa.” Fomu zetu zilikuwa na kisanduku kimoja tu, kipato cha mwezi, na hakikuwa na nafasi ya kuugua. Nilisema hoja imepokelewa. Mtu akiwa chooni hana maneno mengi zaidi ya hayo.

Kiu ikanishika, nikapewa maji kupitia dirishani. Aliyeniletea alijinyoosha kabisa, akapitisha glasi juu ya ukuta hewani, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Watu walikuwa makini na ule ukuta kuliko mkandarasi yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Kusimama peke yako humpa mtu muda wa kufikiri. Nilikumbuka kwamba kwa kipimo cha UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, kaya inahesabiwa kuwa ya makazi duni ikikosa hata kimoja katika haya: maji, choo, nafasi ya kutosha, nyumba imara na usalama wa kumiliki au kuishi mahali pale. Kwa hiyo tulikuwa tunakaribia kuwahamisha watu kutoka makazi duni yenye milango ya choo na kuwapeleka kwenye mapya yasiyo nayo. Nikakumbuka pia ile ngazi ya Sherry Arnstein, mwandishi wa Marekani, ya mwaka 1969, ya kupimia wananchi wanashirikishwa kiasi gani, yenye vidato vinane, chini kabisa ulaghai na juu kabisa wananchi kushika hatamu. Nilijaribu kukisia tumefika cha ngapi. Sikumbuki kuwa aliandika mahali popote kuhusu afisa kupewa maji dirishani.

Mjadala wa mlango ulichukua saa nzima, na ndio mjadala bora niliowahi kuusikia katika kazi hii. Wa kwanza walitaka upitie jikoni. Wapishi wakakataa katakata. Wengine wakasema upitie chumbani, na bibi, ambaye bado alikuwa kitandani, akauliza ni wanaume wangapi wamepanga kupita kichwani kwake usiku. Hoja ikafa palepale. Mwishowe fundi akapendekeza sebule ipunguzwe kidogo, korido irudi na chumba kisogezwe ili kitanda kikae bila kugombana na mlango. Kijana wa chokaa akafuta, akachora upya, nami nikabaki namtazama kama mfungwa anayetazama ufunguo.

Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu. Akasema mlango hauwezi kutumika kabla kikao hakijaupitisha, na kwa kuwa wengi walikuwa nyuma yangu, upande wa nje ya ukuta, nilisikia tu mikono ikihesabiwa.

Wiki iliyofuata muhtasari ulifika ofisini, umechapwa vizuri, nao ukiwa na muhuri. Kumbe wanao. Bosi aliusoma kimya, akarudi mwanzo, akausoma tena, kisha akanisukumia mezani kidole chake kikiwa kwenye mstari mmoja: “Ajenda ya 4: Mlango wa choo na kutolewa kwa mtaalamu. Waliokubali 41. Waliokataa 3.”

Mchoro ulirekebishwa, na korido ipo. Ninachotafuta mpaka leo ni wale watatu. Mmoja, nimehakikishiwa, ni dereva wetu.