Mfadhili Asiyealikwa Meza Kuu

Kuanzia leo naomba watu wa Mtwara mniheshimu. Mimi ni mfadhili wa barabara. Msicheke. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na bajaji yangu haiendi kwa dua. Nikiweka lita tano asubuhi, mia tano yangu imeshakwenda kutengeneza barabara kabla sijapata abiria wa kwanza. Benki ya Dunia yenyewe, kwenye ule mradi wa TACTIC wa kuboresha barabara na miundombinu mingine ya miji 45, Mtwara ikiwemo, inakopesha na itadai chake. Mimi natoa, sidai. Sasa niambie nani mkubwa.

Ila ukija mtaani kwetu usiniulize ufadhili wangu umefikia wapi. Kuna shimo moja la siku nyingi, tumelizoea mpaka tunaelekezana nalo: "Ukifika shimoni kata kushoto." Mgeni siku hizi anapotea, maana limezaa. Nikimpakia mama wa pweza anatoka feri na ndoo yake, kabla ya kufika pale namshusha, navuka mtupu, bajaji inalia bushi zote, halafu nampakia upya ng'ambo. Tukifika anakata nauli. Eti kipande kile alitembea mwenyewe na ndoo kichwani.

Si kwamba hatujawahi kukumbukwa. Greda lilikuja, likakwangua, kifusi kikamwagwa na kushindiliwa, barabara ikapanda juu, akina mama wakapiga vigelegele. Mvua ya kwanza ndiyo ikatufumbua macho: barabara imepanda, nyumba zimebaki palepale. Maji ya mtaa mzima yakitafuta pa kwenda yanaona sebule yangu. Usiku naamka kwenda msalani, nashusha mguu kutafuta ndala, nazikuta zinaelea zinaelekea jikoni, ya kushoto imetangulia. Mke wangu kakaa kitandani kakumbatia kiroba cha unga, ananiuliza, "Baba, si ulisema barabara imepona?"

Kalavati walilotuwekea ni jembamba, chupa tatu za maji na pampasi moja zinatosha kuliziba. Na tuseme ukweli, zile pampasi hazikuletwa na mkandarasi.

Mtaa wa pili wao wamepata lami. Taa za sola, mitaro ya zege, raha tupu. Ila bodaboda wakapageuza uwanja wa ndege. Hakuna kivuko, hakuna pa kupita waenda kwa miguu, watoto wa shule wanavuka wameshikana mikono wakikimbia. Wenyeji wamechoka, wamejitengenezea tuta la mchanga na matairi mabovu. Sasa bodaboda wanaruka.

Halafu Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Mvua zikakata barabara kuu kule Kilwa, Somanga na jirani zake, malori yakalala njiani, huku kusini tukabaki tunatazamana na bei ya nyanya. Mwaka 2025 Somanga ikakatika tena. Tangu hapo hakuna hotuba isiyo na "miundombinu inayohimili mabadiliko ya tabianchi". Nimeikariri, naweza kuisema huku nafunga pancha.

Juzi tukaitwa mkutano wa mtaa, chini ya mwembe, katikati ya manyunyu. Akaja mhandisi kijana, buti safi, ramani kubwa mkononi. Upembuzi yakinifu tayari, akasema, sasa tuko kwenye usanifu wa kina, baada ya hapo zabuni. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele kabisa akanyoosha kidole.

"Mjukuu wangu, hayo maji yatakwenda wapi?"

"Baharini, bibi."

"Yapite kwa nani?"

Mhandisi akaigeuza ramani, akaigeuza tena. Ukiniuliza mimi, mkutano ungeishia hapo tukalijadili hilo tu, maana barabara isiyo na pa kutolea maji ni bwawa lenye lami. Lakini ikaja zamu ya shukrani. Ikashukuriwa serikali, wakashukuriwa wafadhili, diwani, mwenye mwembe, hata aliyeazima spika. Nikaona hapana. Nikasimama.

"Mwenyekiti, kuna mfadhili mmemruka." Nikawaeleza mia mia zangu zote, lita kwa lita. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akatabasamu, na mimi tabasamu lile nalijua toka kampeni.

"Ndugu zangu, kumbe tunaye mfadhili hapahapa! Na wageni wetu hawajapata hata maji ya kunywa. Mfadhili atatoa kreti ya soda."

Makofi yakazidi. Nikatoa, ningefanyaje? Mhandisi akanywa mbili. Bibi wa mkekani akachukua yake, akaomba na ya mumewe, amebaki nyumbani anachota maji sebuleni.